Kutoka Ukumbi wa Jiji hadi Bungeni

Asubuhi hii nimepita uwanja wa Kamukunji na mpwa wangu, tukienda Gikomba kuchukua mzigo. Amemaliza shule juzi na anasema atagombea udiwani siku moja. Akaniuliza, "Mjomba, kuna aliyeanzia huko chini akafika mbali?"

Nikasimamisha mkokoteni. Nikamwambia habari za Charles Rubia.

Mwaka 1962, kabla ya uhuru, Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi. Hebu fikiria jiji lile, lililojengwa kwa mitaa ya Wazungu, ya Waasia na yetu sisi mbali kabisa, halafu Mwafrika anaketi kiti cha meya! Baadaye akawa mbunge wa Starehe, kisha waziri.

Lakini kinachonigusa mimi si vyeo. Mwaka 1986 kura ya siri ilipoondolewa, watu wapange mlolongo nyuma ya wagombea, yeye alipinga waziwazi. Mei 1990, yeye na waziri wa zamani Kenneth Matiba wakadai vyama vingi. Tarehe 4 Julai wakakamatwa, siku tatu kabla ya Saba Saba, mkutano wa kudai vyama vingi wa tarehe 7 Julai uliopangwa papo hapo Kamukunji. Alitoka kizuizini 1991, afya imeharibika. Desemba mwaka huo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa.

Kijana alinyamaza kitambo, akiutazama uwanja. Kisha akauliza kama ofisi ya diwani wetu hufunguliwa Jumamosi. Kesho kutwa nitampeleka.