Matundu yaliyoniokoa kwenye koo la skramjeti

Juzi mlango wa hewa niliousanifu kwa ajili ya skramjeti, injini ya ndege za mwendo mkubwa mno, ulimeza upepo wa Mach 6, yaani mara sita ya mwendo wa sauti, ndani ya handaki la majaribio, hapa Ujerumani ninakosoma. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miezi minne.

Skramjeti haina mapanga ya kusukuma hewa, umbo la mlango ndilo linalogandamiza. Hewa ya Mach 6 ikipita kwenye wimbi la mshtuko (ukuta mwembamba ambapo hewa inagandamizwa ghafla) lililosimama wima, presha jumla inayobaki, yaani ile ambayo hewa ingekuwa nayo ikisimamishwa bila hasara, ni kama asilimia 3 tu. Nikaweka miteremko miwili, nyuzi 8 kisha 9, mawimbi yakalala ubavu na mwendo ukashuka hadi Mach 4 na kidogo. Hapo sikusumbuka.

Koo, sehemu nyembamba kuliko zote ndani ya mlango, ndilo lililonitesa. Wakubwa wa maabara waliniambia, "Bana tu, presha itapanda." Nikabana hadi eneo la mdomo likawa mara 1.9 ya lile la koo. Kila nikikokotoa kwenye kompyuta, wimbi linasimama nje ya mdomo na hewa inamwagika pembeni. Wakasema tatizo ni wavu wa hesabu, yaani vijisanduku ambavyo kompyuta inaigawia hewa, niviongeze. Wiki tatu zikapotea, wimbi pale pale! Bado inaniuma, maana mtafiti Arthur Kantrowitz alishaeleza tangu miaka ya 1940: kwa Mach 4, mlango usiobadilika umbo huna hakika utaanza wenyewe, yaani utalimeza wimbi, ukivuka uwiano wa mdomo kwa koo wa karibu 1.5.

Kushuka hadi 1.5 sikutaka. Nikatua kwenye 1.7, nikatoboa safu za matundu kabla ya koo. Wimbi likiwa limekwama mdomoni, hewa nyuma yake ina presha kubwa, basi inatokea matunduni kama mvuke kwenye kifuniko cha sufuria, na koo linabaki na kiasi linachoweza kumeza. Wimbi likishaingia, presha ya pale inashuka na kinachovuja ni kidogo. Mara ya kwanza matundu yalikuwa membamba mno, hakuna kilichobadilika. Nikayapanua. Kwenye kamera nikaliona wimbi likitetemeka mdomoni, kisha likateleza ndani na kupotea. Nilipiga kelele hadi fundi wa karakana akaja mbio.

Chuma na uchongaji vilikula euro elfu mbili na ushee. Pima koo baada ya kuchongwa, langu lilitoka jembamba kuliko mchoro.

Wiki ijayo naziba nusu ya matundu, nione kama wimbi litabaki ndani.