Kidonge cha saa tatu na vidonge vya kiungulia

Mwaka jana, kuanzia Ramadhani mpaka karibu na Iddi Kubwa, nilikunywa dawa yangu kila siku saa 3 usiku. Sikukosa hata siku moja. Na miezi hiyo hiyo virusi vya Ukimwi vilikuwa vikipanda damuni mwangu, mimi sina habari.

Naishi Wete, Pemba. Nasuka ukili, nashona misala na mikoba, na karafuu zikiwiva naingia kwenye kuchambua kama watu wote. Dawa nilianza mwaka 2012. Wakati ule nilipewa zile za kunywa wakati wa kulala, zilizokuwa zikinitia kizunguzungu na ndoto za kutisha. Naota mashua inazama na mimi nimo ndani, naamka nimerowa jasho. Mwaka 2020 nikabadilishiwa, nikapewa hiki cha sasa, kidonge kimoja chenye dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ndoto zikaniondoka. Kipimo cha wingi wa virusi, kile cha kila mwaka, kikawa kinarudi chini ya nakala 50 za virusi kwa mililita moja ya damu. Muuguzi alituita mimi na mume wangu akatueleza kwamba virusi vikikaa chini namna hiyo, na mtu akadumu na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mume wangu hana virusi. Tuliporudi nyumbani kwenye gari hatukusema neno, ila alinichukulia mkoba wangu njia nzima, jambo ambalo si kawaida yake.

Kliniki yangu iko mbali na kwetu. Niliichagua kwa makusudi nisionekane. Naanza na hilo kwa sababu kuficha ndiko kulikonifikisha nilikofika.

Tunakaa nyumba moja na wifi yangu, na yeye hajui. Kopo la dawa likitikiswa linalia, kila anayezitumia anaijua sauti ile. Wapo wanaoingiza pamba ndani lisilie. Mimi nilifanya vibaya zaidi: msimu mmoja wa karafuu, nyumba imejaa watu wa kuchambua, nilivitoa vidonge vyote nikavitia kwenye kibati cha udi, na kile kifuko kidogo kinachokuja ndani ya kopo nikakitupa. Nilidhani ni takataka. Kumbe kile ndicho kinachonyonya unyevu, na hewa ya Pemba mnaijua ilivyo. Baada ya wiki mbili vidonge vilianza kulainika na kushikana. Nikavichukua vile vile kwenye kitambaa nikaenda navyo kliniki, nikabadilishiwa, nikaambiwa dawa ikae kwenye kopo lake, kifuniko kimebana, pahala pakavu pasipo joto. Juu ya jiko sipo, na dirishani penye jua sipo. Nilisikia. Lakini tabia ya kuficha sikuiacha, ilihamia kwengine tu.

Ramadhani ikaingia. Futari za kwetu mnazijua: muhogo wa nazi, ndizi, samaki wa kukaanga, sambusa, uji wa pilipili manga. Tumbo limeshinda tupu mchana kutwa, halafu linapokea yote hayo kwa mara moja. Kiungulia kikanishika, moto unapanda kifuani mpaka kooni. Nikaenda duka la dawa. Kijana akaniuzia vile vidonge vyeupe vya magnesiamu vya kutafuna, akaniuliza, "Mama, kuna dawa nyengine unatumia?" Nikamjibu hakuna. Wateja walikuwa wawili nyuma yangu, na mmoja jirani yetu.

Basi ukawa ndio mpango wangu. Narudi kwenye tarawehe, moto kifuani, natafuna viwili, nachukua na kidonge changu cha saa 3, maji, nalala. Ramadhani ikaisha, kiungulia hakikuisha, na mimi sikuacha. Mfungo Mosi wote, Mfungo Pili wote. Nilikwenda kupima nikiwa na raha zangu.

Simu ilikuja siku chache kabla ya Iddi Kubwa. Natakiwa kliniki. Majibu: 2,300.

Sikulia pale. Nililia usiku, jikoni, kwa ajili ya mume wangu. Nilikuwa nahesabu siku. Asubuhi nikamwambia, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi twende sote." Alipimwa, akarudiwa tena baada ya miezi mitatu, mara zote mbili salama, alhamdulillahi. Muda huo wote tulitumia kondomu, kama tulivyoelekezwa.

Kwa kuwa nilizidi 1,000, kliniki wakaniweka kwenye ushauri nasaha wa karibu. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana, maana nilijua nitaulizwa kama naruka dawa, na mimi siruki. Muuguzi aliyenipokea ni msichana mdogo tu, angeweza kuwa mwanangu. Hakunigombeza. Alichukua karatasi akaniambia, "Mama, nieleze jana yako. Kuanzia alfajiri mpaka ulipolala, kila kilichoingia mdomoni." Nikamweleza. Chai, mkate, mchuzi. Nilipofika usiku nikataja na vile vyeupe, kwa kupita tu, kama mtu anavyotaja maji. Akaweka kalamu chini.

Alivyonifahamisha ni hivi. Ile dolutegraviri ikikutana tumboni na magnesiamu au aluminiamu, inashikamana nayo. Ikishashikamana haipenyi kuingia kwenye damu, inatoka kwenye choo kama ilivyoingia. Kwa hiyo nilikuwa nameza dawa, lakini mwilini inafika kidogo, na virusi vikipata dawa kidogo vinapata nafasi ya kuzaana, na hata kujifunza kuikataa. Dawa ya kiungulia ya namna ile inywewe masaa 2 au zaidi baada ya kidonge, au ikishatangulia, kidonge kisubiri masaa 6. Kwa vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, na vile vya kalsiamu, utaratibu ni huo huo, isipokuwa vyenyewe vinaweza kunywewa pamoja na kidonge kama mtu amekula chakula.

Miaka yote hiyo, na hilo sikulijua! Huenda niliambiwa siku niliyobadilishiwa dawa, siku ambayo masikio yangu yalikuwa mlangoni kutazama nani anaingia.

Tulipofika hapo nikaona bora nitoe yote. Nikamwambia na kuhusu diklofenaki, maana ukili unaniumiza kiuno na nilikuwa nanunua kila wiki. Hapo akawa mkali kidogo. Tenofoviri inahitaji figo nzima, na dawa hizo za maumivu ukizitumia mfululizo zinazielemea figo hizo hizo. Nikachukuliwa damu kupima figo, zikakutwa nzuri. Sasa kiuno nakikanda kwa maji moto, na kikizidi nakunywa panadoli.

Shoga yangu mmoja tunayekutana kliniki ana sukari. Nilipomhadithia akashtuka, kwa sababu anatumia metfomini na daktari wake wa sukari hajui kama ana virusi. Anachukua dawa huku na huku, pande mbili hazijuani. Kumbe kidonge chetu kinaifanya metfomini ijae zaidi mwilini, ndiyo maana haifai kuzidi miligramu 1,000 kwa siku. Nilimsindikiza mwenyewe akaseme. Na mtu akipata kifua kikuu, ile dawa yake ya rifampisini inaishusha dolutegraviri, inabidi aongezewe dozi ya pili kila siku. Yote haya wataalamu wanayajua, lakini wanamjua vipi mtu aliyesema "hakuna"?

Siwalaumu wanaoficha. Kisiwa ni kidogo, maneno yanakimbia kuliko gari, na mimi mwenyewe wifi yangu bado sijamwambia. Lakini pale dukani nimepata njia. Nangoja wateja wapungue, namwambia yule kijana, "Mwanangu, mimi natumia dawa ya kila siku yenye dolutegraviri, nitazamie hii kama inapatana nayo." Jina la ugonjwa silitaji. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka. Aliniangalia, akaangalia pakiti, akairudisha kabatini. Hakuuliza zaidi.

Baada ya miezi mitatu nikapima tena. Chini ya 50.

Ramadhani hii nimekihamisha kidonge, kwa kushauriana na muuguzi. Nafuturu kwa tende na maji karibu na saa 12 na nusu, na maji hayo hayo ndiyo ya dawa. Kiungulia kikija navumilia mpaka saa 2 na nusu ipite ndipo nitafune. Juzi kilinijia mapema, nikanyoosha mkono kwenye kikapu. Mume wangu, bado hajavaa kanzu ya kwendea tarawehe, akatazama saa ya ukutani. "Bado dakika arubaini," akasema, akanimiminia maji.