Waridi la jangwani la maonyesho hutengenezwa mizizini

Ukiweka waridi la jangwani, yaani Adenium obesum, kwenye meza ya maonyesho, jaji anayejua kazi yake huinama kwanza. Anatazama pale mti unapokutana na kokoto: kitako kimetanuka kiasi gani, mizizi imetoka pande zote au imelalia upande mmoja, shina linapungua unene taratibu au limesimama kama mpini wa jembe. Maua huyafikia baadaye. Ndiyo maana mti wa maonyesho huanza kutengenezwa mapema, chini ya udongo, wakati bado hauna cha kumwonyesha mtu.

Mti huu ni wa huku kwetu. Unaota porini kwenye nyika za Kenya na Tanzania, upande mmoja ukifika Senegal na upande mwingine Yemen na Oman. Jina lake la kitaalamu lilianzia Yemen, kwa mmea uliokusanywa na Peter Forsskål. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, yeye akiwa ameshafariki. Kwa kuwa upo porini, watu hushawishika kwenda kuung'oa. Usifanye hivyo. Mti mkubwa hukatwa mizizi wakati wa kuchimbwa, mara nyingi huoza njiani, na ukipona unabaki na makovu yasiyofutika, mbali na hasara kwa pori lenyewe. Kipande cha tawi nacho huota mizizi, ila kitako chake hakinenepi kwa umbo la kueleweka. Anza na mbegu.

Matunda yake hukaa mawili mawili kama pembe za mbuzi. Yakianza kugeuka kahawia, yafunge kwa uzi sehemu mbili au tatu, la sivyo yatapasuka juani na mbegu zitapeperuka, kwa sababu kila mbegu ina kishungi cha nywele kwenye kila ncha. Laza mbegu, usiisimamishe. Ifunike kwa milimita 3 za mchanga na uache sentimita 4 hadi jirani yake. Mbegu mpya kwenye joto la nyuzi 25 hadi 32 huota ndani ya siku 3 hadi 7. Mche ukilala ghafla, shingo imekuwa nyembamba pale usawa wa udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche: umemwagilia mno na hewa haipiti. Mche huo hauponi. Utoe pamoja na udongo unaouzunguka, kisha acha trei ikauke juu.

Udongo wangu wa kawaida ni sehemu 2 za jiwe jepesi lenye matundu (lile la kusugulia miguu, lililopondwa na kuchekechwa hadi milimita 5 au 8), sehemu 1 ya mchanga mkubwa wa mto uliooshwa, sehemu 1 ya makapi ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, na sehemu 1 ya mboji iliyooza kabisa. Usipopata jiwe hilo, ponda tofali la kuchoma na uondoe vumbi lote. Vumbi ndilo linaloziba. Mchanga wa baharini una chumvi, uache ufukweni. Jipime hivi: mwaga lita moja ya maji kwenye chungu cha sentimita 20. Yakituama juu kwa zaidi ya sekunde kumi, rudi ukachekeche upya.

Sasa mizizi. Mche ukifika miezi 6 hadi 8, kitako kikiwa na unene wa kidole gumba, ung'oe, utikise udongo na ukate mzizi mkuu kwa wembe uliopanguswa spiriti. Kata mara moja, bapa, sentimita 1 chini ya mizizi ya pembeni unayotaka ibaki. Utomvu utatoka, ufute kwa kitambaa mpaka ukome, kisha paka unga wa mkaa au ile salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho. Tundika mche kivulini siku 7. Hatua hii ya kukausha ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayowaozeshea miti. Jeraha likiwa gumu kama ngozi ya muhogo mkavu, weka kipande cha kigae ndani ya chungu, kalisha mche juu yake, na tandaza mizizi kama spoki za baiskeli. Ile inayopandana itenganishe kwa vijiti vya mishikaki, na uviache humo. Mizizi ikikosa njia ya kwenda chini, hunenepea pembeni.

Usimwagilie kwa siku 5 za mwanzo. Baada ya mwaka, hamisha tena na uinue mti sentimita 2 au 3 juu ya usawa wa zamani. Ukiinua zaidi kwa pupa, vijizizi vyembamba vitakauka kwa jua. Mzizi uliotoka udongoni una ngozi nyororo ya rangi ya maziwa. Ukipigwa na jua la saa saba siku hiyo hiyo huungua, na doa la kuungua ndilo mlango wa uozo. Tumia kivuli cha wavu wa asilimia 50 kwa wiki 3. Kabla ya kung'oa mti wowote weka alama upande uliokuwa unaelekea jua la mchana, ili urudi vile vile.

Kuhusu maji, bonyeza kitako kwa gumba. Kikiwa kigumu kama viazi vibichi, ngoja. Kikibonyea kidogo kwa usawa kila upande, mti una kiu. Kikibonyea sehemu moja tu, na hapo pana rangi ya kahawia au harufu, umeanza kuoza, na maji yatauua. Majani ya njano huonekana katika hali zote mbili, kwa hiyo usiyategemee. Mti unaooza ukate kidogo kidogo mpaka nyama iwe nyeupe bila hata nukta ya kahawia, ukipangusa wembe kwa spiriti kila mkato, kisha ukaushe wiki mbili. Dar es Salaam hatari ni masika, hivyo uwe na paa la nailoni. Nairobi ni baridi ya Juni hadi Agosti: mti ukipukutisha majani na kulala, punguza maji mpaka karibu na kuacha.

Mbolea, gramu 1 ya NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) kwa lita ya maji kila wiki mbili inatosha wakati mti unakua. Naitrojeni nyingi huleta matawi marefu malegevu. Kagua chini ya majani kila wiki kwa utitiri, vidung'ata na vidukari vya njano. Kiwavi kikubwa cha kijani chenye madoa mawili kama macho ya buluu hula tawi zima kwa usiku mmoja. Kitoe kwa mkono.

Vaa glovu. Utomvu wake ni sumu ya moyo, na Wahadzabe, wawindaji wa bonde la Ziwa Eyasi nchini Tanzania, huutumia kwenye mishale. Watoto na mbuzi wawe mbali na matawi uliyopogoa.

Maua hutoka nchani mwa matawi mapya, kwa kawaida wiki 8 hadi 12 baada ya kupogoa, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya maonyesho. Wiki moja kabla, safisha kitako kwa mswaki laini na maji matupu. Mafuta ya kung'arisha usipake kamwe: jaji huyaona, na vumbi hunata. Chungu kizidi upana wa kitako kwa sentimita 3 au 4 tu, na juu yake weka kokoto za milimita 3 hadi 5 za rangi moja, zisizopakwa rangi. Kibao kiwe na jina kamili na mwaka mbegu ilipopandwa. Usimwagilie siku mbili kabla ya safari. Funga chungu ndani ya boksi kwa magazeti yaliyokunjwakunjwa ili kisicheze, matawi yasiguse ukuta wa boksi, na ubebe mswaki na kokoto za akiba kwa sababu chache lazima zitamwagika garini.