Mvumo wa Magurudumu ya Nyuma

Mvumo ulianza tulipokuwa tukirudi Dar es Salaam kutoka Morogoro. Chini ya kilomita 50 kwa saa hapakuwa na kitu, lakini mshale ulipopita 60 gari lilianza kuvuma nyuma, na kadiri mwendo ulivyoongezeka ndivyo mvumo ulivyopanda. Mke wangu, aliyeketi nyuma na mtoto, aliapa kwamba unatoka kushoto. Mimi kwenye usukani niliusikia kulia. Sauti husambaa katika bodi nzima ya gari, hivyo sikio si shahidi wa kutegemewa.

Fundi wa kwanza aliinama, akapapasa tairi za nyuma, akaniambia ninunue mbili mpya. Hakukosea kuzishuku, kwa kuwa tairi iliyolika kwa mawimbi huvuma sawa kabisa na beringi iliyochoka, yaani kile chuma chenye gololi ndani kinacholiwezesha gurudumu kuzunguka kwa wepesi. Hata hivyo, bei ya tairi mbili si ya kubahatisha, nikaamua kwanza kuzihamishia mbele na za mbele kuzirudisha nyuma. Kama kosa lingekuwa la tairi, mvumo ungehama nazo, lakini ulibaki palepale.

Siku iliyofuata, barabara ikiwa tupu, nilifikisha 80 kisha nikatoa gia. Injini ilitulia, mvumo haukubadilika, nami nikaiondolea lawama injini. Kona ndizo zilizonifumbua macho: kila nilipokata kona pana ya kushoto, uzito wa gari ulilalia upande wa kulia na mvumo ukakua, ilhali kona ya kulia iliupunguza hadi karibu upotee.

Kwa fundi wa pili tuliweka mawe kwenye tairi za mbele, tukaachia breki ya mkono na kuinua nyuma kwa jeki. Alishika tairi ya kulia juu na chini, akaitikisa, nayo haikucheza hata kidogo. Nilikaribia kuona aibu. Ndipo akaizungusha kwa mkono mmoja huku kiganja cha pili kikiwa juu ya springi, akasema, “Kaka, weka mkono hapa.” Nilihisi mkwaruzo mdogo, kama mchanga kati ya vidole, ambao upande wa kushoto haukuwapo. Beringi huweza kuchimbika ndani muda mrefu kabla ya tairi kuanza kucheza, na nadhani wengi hudanganyika hapo.

Katika gari langu, ambalo huvutwa na magurudumu ya mbele, beringi ya nyuma imefungwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, haifunguliwi ikapakwa grisi; hubadilishwa yote. Ya zamani ilitoka na kutu. Mimi nayashuku maji ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, niliyoyavuka wakati wa mvua, yakiwa yamefika nusu ya rimu. Fundi alilaumu mashimo ya barabarani.

Tulilijaribu gari hadi Kibaha, nyuma kukawa kimya. Mke wangu bado anasisitiza kwamba ulitoka kushoto.