Nimeandika wosia nikiwa na miaka 28, nawaeleza nilivyofanya

Nianze na rafiki yangu maana bila yeye hii ishu nisingeifikiria kabisa. Alikuwa na miaka 31, mpiga picha, mzima wa afya, akaumwa siku tisa tu tukamzika. Alikuwa anaishi na mwenzake miaka sita, ndoa hawajafunga, kila siku wanasema tutafunga tukimaliza hiki, tukimaliza kile, kama wengi tunavyosema. Tajiri hakuwa. Alikuwa na kamera mbili, lenzi, laptopu, akiba kidogo benki, kuna watu wanamdai na kuna watu anawadai yeye.

Wiki mbili baada ya mazishi ndugu zake wakaja kuchukua vitu. Sitaki kuwasema vibaya, na wao walikuwa na uchungu wao na kisheria warithi ni wao, ila kamera moja kati ya zile mbili aliinunua yule dada aliyekuwa anaishi naye, kwa mshahara wake mwenyewe, risiti ikaandikwa jina la marehemu kwa sababu ndiye aliyekwenda dukani siku hiyo. Basi ikaenda. Laptopu nayo ikaenda, ina paswedi ambayo hakuna anayeijua, na ndani mna picha za harusi za watu watatu walioshalipa na wanapiga simu kila siku, sasa wampigie nani, wanampigia yule dada aliyefiwa, anawajibu samahani sina la kufanya. Usiku mmoja nimekaa naye akaniambia, "mimi kwenye karatasi zote sipo." Hayo maneno hayajanitoka mpaka leo.

Nilirudi kwangu usingizi sikupata, maana na mimi nina mtu ambaye kwenye karatasi hayupo. Shangazi yangu alifariki miaka minne iliyopita akaacha binti, sasa ana miaka 14, naishi naye, ada nalipa mimi, ananiita dada na kila anayetujua anajua huyu ni wangu. Kisheria mimi ni mtoto wa mjomba wake, basi. Nikifa kesho sijaandika kitu, sheria inaanza kuhesabu, mume au mke, watoto, wazazi, ndugu wa tumbo moja, na kuendelea, hiyo orodha inatofautiana nchi kwa nchi na dini kwa dini lakini kinachoangaliwa ni kilekile, damu na cheti cha ndoa. Nani alikuwa analala kwako na kula kwako haiulizi. Huyu mtoto kwenye hiyo foleni yuko mbali sana, na mbele yake kuna watu ambao wala hawanihitaji.

Najua wengi mnajibu nini hapa, wosia ni wa wazee na wenye nyumba, mimi nina simu na deni, niandike nini. Na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka niliposoma habari ya Stieg Larsson, yule mwandishi wa Sweden. Alifariki 2004 ghafla akiwa na miaka 50, na wakati anafariki hakuwa na utajiri wowote, riwaya zilizompa jina zilikuwa hata hazijatoka, ya kwanza ilitoka 2005. Hela zikaja baadaye, na zilikuja nyingi kweli. Mwenzake Eva Gabrielsson waliishi pamoja kama miaka 32 bila ndoa, na kwa sheria ya Sweden mwenza ambaye hamjafunga ndoa hakurithi bila wosia, kwa hiyo kila kitu kikaenda kwa baba yake na kaka yake. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wosia aliwahi kuuandika, 1977, ila haukuwa na saini za mashahidi, kwa hiyo ukahesabika si kitu. Saini mbili tu. Mtu haandiki wosia kwa kupima alichonacho leo, anaandika kwa sababu hajui kitakachokuwa chake kesho, iwe kazi uliyoifanya, fidia ya ajali, mafao ya kazini, hata shamba utakaloachiwa na bibi.

Sasa nilivyofanya. Jumamosi moja nikachukua daftari nikagawa ukurasa katikati, upande huu nilivyo navyo, upande ule ninavyodaiwa, maana madeni yanalipwa kwanza halafu ndio warithi wanagawana kinachobaki, ukigawa vitu bila kuhesabu deni unaahidi hewa. Vitu havikuzidi nusu ukurasa. Kilichonishtua ni kwamba hela zangu nyingi hata haziguswi na wosia. Bima ya kazini, mafao ya uzeeni na akaunti moja ya akiba, zote zina ile fomu ya kuandika jina la atakayelipwa ukifariki, na sehemu nyingi jina la kwenye fomu ndilo linalolipwa hata kama wosia unasema vingine. Nikaomba nizione fomu zangu. Ya bima niliijaza nikiwa na miaka 22, siku ya kwanza kazini, na jina lililoandikwa ni la shangazi, marehemu, miaka minne yuko kaburini na bado ndiye wa kulipwa. Nikabadilisha wiki ileile. Kama ukimaliza kusoma hapa utafanya kitu kimoja tu, basi nakuomba fanya hicho, kaombe fomu zako uone uliandika nani.

Kilichofuata ni msimamizi, yaani yule mtu atakayekwenda mahakamani na wosia, akusanye mali, alipe madeni, agawe. Hapa nilikaa wiki tatu nzima. Moyo ulikuwa unamtaka kaka yangu kwa sababu nampenda, ila kaka hajibu simu, karatasi zinamchosha, na msimamizi ni mtu wa karatasi na foleni, kazi yenyewe inaweza kuchukua miezi au miaka. Mwisho nikamchagua rafiki yangu wa tangu shule, mtulivu, muaminifu, anaandika kila kitu, na kaka nikamweka msaidizi, kwamba yule asipoweza yeye anashika. Na niliwauliza kwanza, si kumwandika mtu halafu anakuja kujua siku ya msiba. Yule rafiki aliomba siku mbili afikirie kabla ya kukubali na hapo ndio nikazidi kumuamini.

Kumwambia mama ndio palikuwa pagumu kuliko pote. Nilimuanza vibaya, nikamwambia tu mama nataka kuandika wosia, akaacha alichokuwa anafanya akaniangalia, "mwanangu unaumwa? Kuna kitu unanificha?" Nikamwambia hapana mama, siumwi. "Sasa mbona unajiitia kifo?" Siku hiyo mazungumzo yaliishia hapo, akanyamaza mpaka usiku. Kesho yake nikamwendea kwa njia nyingine, nikamwambia mama, niambie, mimi nisipokuwepo huyu mtoto ada yake italipwa na nani na kwa hela ipi? Tukakaa muda mrefu. Akaniambia shangazi yako naye angeandika hata karatasi moja tusingehangaika vile. Hapo nikajua tumeelewana. Kwa hiyo kwa wazazi wetu ushauri wangu ni huo, usianze na neno wosia, anza na mtu unayemhofia ataachwa.

Nikaandika rasimu mwenyewe, nikaiprinti, nikasaini, mashahidi wawili wakasaini, kaka na jirani mmoja. Nikaona nimemaliza. Bahati nzuri kabla sijaifungia nikampelekea wakili aisome, akaisoma kama dakika kumi akaniuliza huyu shahidi wa kwanza ndiye huyuhuyu uliyemwachia laptopu na pikipiki? Nikasema ndiyo ni kaka yangu. Akanieleza kwamba nchi nyingi shahidi hatakiwi kuwa mtu anayepata kitu kwenye wosia huo, wala mume au mke wa anayepata, akisaini wosia wenyewe unaweza kusimama ila zawadi yake ndio inapotea. Kwa hiyo ningemnyima kaka kwa mkono wangu mwenyewe na nisingekuwepo kueleza. Tukaandika upya, mashahidi wawili wasiohusika, wote tuko chumba kimoja, wananiona nasaini na mimi nawaona wanasaini, tarehe kamili, saini kila ukurasa, hakuna kufuta na kuandika juu.

Kwa wakili nikajifunza na kingine. Nilikuwa nimeandika "binti huyu alelewe na mama yangu". Akanirekebisha kwamba mtoto si kitu cha kuachiwa mtu kwenye wosia, anayeweza kutaja mlezi ni mzazi au mlezi aliyethibitishwa kisheria, na mimi sina hiyo karatasi. Ila hela naweza kumwachia, na kwa sababu ni mdogo nitaje wa kumshikia mpaka afike umri niutakao, na hela hizo ni za nini, shule, matibabu, mahitaji yake. Kwa hiyo nikafanya yote mawili, hela nimeziandika na maombi ya ulezi nimeyaanza mahakamani, bado yanaendelea. Wewe ambaye una mtoto wako wa kumzaa hili kwako ni rahisi zaidi, andika jina la mlezi, maana usipoandika na wazazi wote hampo, watu watakaa kikao na mtoto atakuwa amekaa pembeni anasikiliza.

Kwa ndugu zangu Waislamu mnajua wasia ni theluthi tu ya mali baada ya madeni, na hauwi kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Watu wengine wanaona basi hakuna haja, mafungu yamekwishapangwa. Mimi naliona kinyume, ile theluthi ndiyo nafasi ya mtu kama huyu binti ambaye kwenye mafungu hayumo.

Kuhifadhi. Hapa watu wanakosea sana. Aretha Franklin, yule mwanamuziki wa Marekani, alifariki 2018, familia ikadhani hakuacha wosia, mwaka uliofuata zikapatikana karatasi alizoandika kwa mkono, nyingine ndani ya daftari chini ya mto wa kochi. Watoto wake wakafika mahakamani na 2023 ndio baraza la raia wa kawaida wanaoamua kesi huko (jury) likasema ile ya kwenye kochi, ya 2014, ndiyo halali. Miaka mitano imepita hapo. Wangu asilia uko kwa wakili, kopi anayo msimamizi, na mama anajua uko wapi ingawa hajausoma. Paswedi sijaziandika ndani ya wosia, kwa sababu sehemu nyingi wosia ukishafikishwa mahakamani unaweza kusomwa na watu wengine, hizo ziko kwenye bahasha tofauti iliyofungwa. Na nimejiwekea niupitie kila mwaka, au kukitokea kitu kikubwa kama mtoto, nyumba, ndoa. Hasa ndoa, maana kuna nchi ukioa au kuolewa wosia wa zamani unakufa wenyewe siku hiyo, na wenyewe hata hawajui.

Kazi yote ilinichukua kama miezi miwili, na sehemu kubwa ya huo muda ilikuwa kuogopa, kuandika kwenyewe ni siku chache.

Binti nilimwambia mwishoni kabisa. Sikumpa hesabu, nilimwambia tu kuna bahasha, na kama siku moja nikikosekana ampigie fulani, namba nikamuandikishia kwenye daftari lake kwa mkono. Alisikiliza vizuri halafu akauliza swali ambalo mimi na wakili hatukuwa tumelifikiria. "Dada, na picha zetu?" Picha zote za mama yake ziko kwenye simu yangu, hazipo kwingine. Nikakumbuka ile laptopu ya rafiki yangu, harusi tatu zimefungwa humo mpaka leo.

Usiku huohuo tukakaa tukafungua akaunti yangu ya Google, kuna sehemu ya kupanga akaunti isipotumika muda fulani, unachagua miezi 3, 6, 12 au 18, halafu unaandika watu watakaopewa, mpaka kumi, na kila mmoja apewe nini. Simu za Apple nazo zina ya kwao tangu mwisho wa 2021, unamtaja mtu unampa ufunguo wa kidijitali, siku ikifika anautumia pamoja na cheti cha kifo. Mi nikachagua miezi 3, jina nikaweka la msimamizi. Halafu nikaanza kuzipakia picha za shangazi, moja moja, binti kakaa pembeni yangu ananiambia hii ilikuwa wapi, hii ilikuwa lini, tukaja kulala saa nane usiku na bado hatujamaliza.