Pango la Noeli la darasa la tano, mwaka wa Elinino

Waliokuwepo Kilimanjaro mwishoni mwa 1997 wanaikumbuka ile mvua. Elinino. Vuli ya kawaida kule kwetu inakuja inaondoka, ila mwaka ule ilianza ikagoma kuacha, barabara za juu zikawa tope tupu, magari ya abiria yanaishia chini huko watu wanapanda kwa miguu na mizigo kichwani, na sisi wanafunzi tunafika shule soksi zimelowa tunazianika kwenye madirisha ya darasa. Nilikuwa darasa la tano, shule ya msingi ya masista, juu ya mji wa Moshi, kwenye migomba na kahawa.

Nataka kueleza wiki ya mwisho kabla hatujafunga shule, maana kila Desemba nikiona yale mapango ya Noeli ya plastiki yanayouzwa madukani, vile vibanda vya kuonyesha Yesu alivyozaliwa, nalikumbuka letu, na mi naamini lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuona, hata ya makanisa makubwa.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kusubiri Noeli, ilikuwa tarehe 30 Novemba na shule ilikuwa inafungwa Ijumaa ya tarehe 5 Desemba, kwahiyo Majilio ya shuleni ilikuwa ni hiyo wiki moja basi. Kwenye meza ya mwalimu kulikuwa na shada la matawi ya msaiprasi lenye mishumaa minne, mitatu zambarau na mmoja pinki. Mishumaa ya rangi haikupatikana mjini, Sista akachukua ile myeupe ya umeme ukikatika akaizungushia karatasi za rangi. Tulikuwa tunawasha mmoja tu. Kila asubuhi tukishatoka mstarini monita anauwasha, tunasali, anauzima nta isiishe. Wenzangu walimbembeleza sana Sista tuwashe yote minne kwa kuwa tunafunga, akakataa kabisa, akasema hiyo mingine mtaiona parokiani kwenu, Majilio ni kusubiri na kusubiri hakuharakishwi.

Mitihani ilikuwa imeisha. Walimu wako ofisini wanajaza ripoti, madaftari yamekusanywa, sisi tumebaki darasani na kelele zetu. Sista wetu wa darasa alikuwa mtu wa Songea, mrefu, sauti ya chini, hakuwahi kushika fimbo darasani kwetu. Jumatatu ile akaingia akasema, "Tumsifu Yesu Kristu," tukasimama, "Milele amina," akasema mwaka huu darasa la tano ndo tunajenga pango la siku ya wazazi, na hatutanunua kitu chochote.

Akatuhadithia Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223, kijiji kinaitwa Greccio huko Italia, Fransisko alitaka watu waone kwa macho yao jinsi mtoto alivyozaliwa, basi akaandaa hori lenye nyasi kavu akaleta ng'ombe na punda wa kweli, watu wakaja usiku na mienge, misa ikasomwa palepale. Hakukuwa na sanamu. Tulikaa kimya tunasikiliza, mvua inapiga bati, na Sista ikabidi apaze sauti yake ile ya chini.

Monita wetu alikuwa mtoto wa kuhoji mambo. Wakati Sista anaongea yeye alishafungua Luka sura ya 2, akanyoosha mkono akauliza mbona Luka ametaja hori ila hajataja ng'ombe wala punda. Sista alifurahi mpaka akapiga makofi, akamwambia afungue Isaya sura ya 1, mstari wa 3, asome kwa sauti: ng'ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake. Akatwambia wakristo wa zamani waliisoma hiyo wakaona ng'ombe na punda wana nafasi yao pale horini. Hapohapo kwenye Luka tukaona pia ile habari ya Kaisari Augusto kuagiza watu wote wahesabiwe kila mtu mjini kwao. Mpaka leo watu wa Dar wanasema Wachaga Desemba tunarudi mlimani kuhesabiwa, na mi kila nikisikia hivo namuona monita na Biblia yake iliyotoka jalada.

Sasa niliyekuwa nakaa naye dawati moja tulimpa jina la Meku, kwetu ni mzee, kwa sababu alilelewa na bibi yake na alikuwa anaongea kama wazee wa mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Hakuwa anaongea sana darasani. Siku ile akasimama bila kunyoosha mkono akasema, "Sista, bibi yangu analala na ng'ombe ndani. Nyumba moja."

Darasa lililipuka. Walicheka wale wa mjini wakacheka na wa palepale kijijini, watu wanagonga madawati, mtu wa nyuma akalia kama ng'ombe. Meku hakukaa. Nilikuwa ubavuni kwake, dawati lilikuwa linatetemeka, sikujua ni yeye anatetemeka au ni kelele. Sista hakumkaripia mtu. Alisubiri watu wachoke kucheka, afu akamuuliza Meku maswali, yaani maswali ya mtu anayetaka kujua kweli: wanakaa upande gani, moto uko wapi, moshi unatokea wapi, hori lao limetengenezwa na nini. Meku akajibu yote. Gogo limechongwa katikati. Moto uko kati, mafiga matatu, juu kuna dari ya miti wanakaushia mahindi na kuni. Sista akasema, "Bibi yako akiruhusu, tuje tumsalimie."

Jumatano tukaenda. Darasa zima, tumejifunika magunia ya nailoni na majani ya mgomba, tunateleza kwenye vichochoro vya masale, ile mimea ya kupandia ua, maji ya mfereji yamefurika yanakata njia. Bibi alikuwa anatusubiri mlangoni, mwembamba, kitenge kifuani, tukasema shikamoo bibi wote kwa pamoja akacheka akaitikia marahaba wajukuu zangu. Nyumba ilikuwa ya zamani ile ya nyasi kuanzia juu mpaka karibu na chini, mlango mfupi unainama kuingia. Wakati huo zilishakuwa chache sana, wengi walishajenga za bati. Tuliingia kwa makundi.

Cha kwanza nilichokisikia ni joto. Nje tulikuwa tunatetemeka, ndani kuna joto la moto na la pumzi ya ng'ombe, harufu ya moshi na maziwa na magome ya mgomba waliyokuwa wanakula. Macho yakazoea giza nikaona ng'ombe wawili na ndama, wametenganishwa na sisi kwa miti tu, na kitanda cha bibi kiko pale, hatua chache tu kutoka kwao. Bibi akatueleza, Meku anatafsiri pale Kiswahili kilipomuishia, kwamba zamani ng'ombe walilala ndani kwa sababu ya chui na wezi, na kwa sababu ng'ombe ni mali na mali hailali nje, na mama akijifungua anakaa karibu na moto miezi, anakunywa maziwa ya hao hao ng'ombe na mtori. Yule aliyelia kama ng'ombe darasani alikuwa ameshika kichwa cha ndama hataki kutoka zamu yake ikiisha.

Sista akamuuliza bibi, kwa adabu sana, kama anajua kwamba watu wengi wakisoma Yesu alilazwa horini wanaona ni aibu, ni kukosa mahali. Bibi alimtazama kwanza. Akasema, "Sista, kwani mlitaka mtoto wamlaze wapi kwenye mvua hii? Hapa si ndo pana joto?"

Sista alicheka afu akafuta macho kwa kitambaa. Nafikiri kile kilichofuata ndo kilimfurahisha zaidi: tukapewa ndizi za kuchoma na maziwa kwenye kibuyu tunapokezana, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyekuwa anatania tena, wote tunabishana nani atafinyanga nini.

Alhamisi asubuhi monita alikuja na jani la sale. Mama yake alimwambia alichotakiwa kufanya. Alilishika kwa mikono miwili akampa Meku mbele ya watu wote, kwa ajili ya kile kicheko cha Jumatatu, na kwetu ukiletewa sale unasamehe, hilo halina majadiliano. Meku akalipokea. Akaenda akalichomeka kwenye kona ya nyuma ya darasa ambapo pango lilikuwa linaanza kujengwa, na wengine wakatoka kwenda kung'oa masale mengine mpaka tukawa na ua mzima.

Kujenga kulikuwa kazi. Udongo tuliutoa mferejini, ulikuwa mzuri kufinyanga ila haukauki kwa ile hali ya hewa, ikabidi tuwaombe wapishi wa shule watuwekee ng'ombe wetu juu ya majiko. Kila mtu alitaka kufinyanga ng'ombe. Hakuna aliyetaka punda maana wengi hatukuwa tumemchunguza punda vizuri, mwisho Sista akafinyanga mwenyewe, akatoka na masikio makubwa mno. Ngamia wa Mamajusi alivunjika miguu akawa amelala, tukasema amechoka safari. Nyumba tuliijenga kwa fito na nyasi na magome makavu ya mgomba, mlango mfupi, mafiga matatu ndani. Meku alikuwa fundi mkuu, anaongea amri kwa ile sauti yake ya kizee na tunatii. Hori alilileta mwenyewe, kipande cha gogo alichochongewa na babu mdogo wake jana yake usiku, dogo la kukaa kiganjani.

Na hori likabaki tupu. Sista alisema mtoto anawekwa usiku wa tarehe 24 na sisi tutakuwa majumbani, kwahiyo wazazi wataona hori lenye nyasi na mama anayesubiri. Wengine waliona haijakamilika. Mi nililipenda hivohivo.

Ijumaa wazazi wakaja, waliofanikiwa kupita kwenye tope. Tuliimba, mwalimu mkuu akaongea, padri akabariki, afu wazazi wakaingia madarasani. Mama mmoja, amevaa vizuri, alitazama pango akasema mbona mmemjengea Mungu nyumba ya kishamba. Kabla Sista hajajibu, baba yangu akapita katikati ya watu.

Baba alikuwa karani mjini, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni, nyumbani kwetu kulikuwa tofali na saruji na kwa babu nilikuta bati. Sikuwahi kumsikia akiongea habari ya nyumba nyingine. Akachuchumaa mbele ya lile pango, akaingiza mkono mlangoni, akagusa mafiga. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mi nilizaliwa kwenye nyumba hii." Mama yangu aligeuka kumtazama, yeye ni mtu wa Tanga, nadhani na kwake ilikuwa mpya. Afu baba akakunja mikono ya shati akaanza kuwahamisha ng'ombe.

"Hawa wanakaa upande huu," akasema.

Meku akatokea hapo. "Hapana baba, kwa bibi wanakaa kulia."

"Kwetu walikaa kushoto. Mama yangu alilala kulia."

"Lakini baba, moshi utawafuata."

"Moshi unapanda juu, kijana. Wewe umewahi kulala humo au umeingia kusalimia tu?"

"Nalala humo kila siku," Meku akasema, na baba akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akampa mkono wenye udongo, akamuuliza bibi yake ni wa ukoo gani. Wakakaa chini wote wawili kwenye sakafu. Kengele ya kugawa ripoti ikagongwa, watu wakatoka, Sista akatoka, na wao bado wanabishana dari inaanzia wapi. Ripoti yangu niliifuata mwenyewe ofisini.