Umeme wa Kushukia Iwambi

Julai 2022 lita ya petroli ilikuwa imevuka shilingi 3,000, na huku kwetu Mbeya, ambako mafuta hupanda na malori kutoka Dar es Salaam, hakuna dereva aliyehitaji kuelezwa kwa nini msichana wa chuo anauliza habari za magari ya umeme. Mwaka mmoja kabla nadhani wangenisikiliza kwa adabu tu na kurudi kwenye drafti yao. Safari hii walinivutia kiti.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, na mradi wangu ulikuwa kuijenga Mbeya ndani ya kompyuta. Nilitumia MATSim, programu huria iliyokuzwa na watafiti wa Berlin na Zürich. Unaipa ramani ya barabara, kisha unaipa wakazi wa kubuni, kila mmoja na ratiba yake: mama anayewahi soko la Mwanjelwa alfajiri, mwanafunzi wa Iyunga, karani wa mjini anayelala Uyole. Siku inachezwa mwanzo hadi mwisho. Ikiisha, kila mkazi anapata alama kulingana na muda aliosubiri, nauli aliyotoa na kama alichelewa. Baadhi yao wanabadili mpango, siku ileile inachezwa tena, na tena, mpaka alama zinaacha kupanda. Barabara nilizitoa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Vilima nilivipata kwenye vipimo vya rada ambavyo chombo cha anga Endeavour kilichukua Februari 2000, na ninawashukuru mpaka leo walioviachia bure, maana Mbeya bila vilima si Mbeya.

Nilichotaka kujua ni magari mangapi ya umeme, yenye kubeba abiria wa pamoja, yangelitosha jiji hili. Nilikuwa nimesoma utafiti wa Javier Alonso-Mora na wenzake wa mwaka 2017 kuhusu New York: magari 3,000 ya abiria wanne wanne, yakipangwa na kompyuta, yangehudumia asilimia 98 ya safari zilizokuwa zikifanywa na teksi zaidi ya 13,000, na abiria angesubiri wastani usiofika dakika 3. Namba zile zilinikosesha usingizi kwa furaha. Tena sisi kuchangia usafiri hatuanzi leo. Bajaji zetu hupiga ruti na kupakia watu wasiojuana, kila mtu analipa nafasi yake, anashuka anapotaka.

Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka kijiweni. Aliendesha daladala ya Mbalizi miaka mingi, na alishasema kwamba kama mradi wangu hauwezi kuonyeshwa kwa madereva basi asiujue. Tuliweka kompyuta mpakato kwenye kiti cha nyuma cha bajaji ili jua lisiufiche mwanga wa kioo. Madereva wakajazana, wengine wameinama hadi vichwa vinagongana.

Kwanza walitafuta sehemu zao. "Hiyo ni Mafiati, ona asubuhi inavyofunga." "Ile pale Soweto." Vidoti vya kijani vilikuwa magari yenye nafasi, vyekundu yaliyojaa, na vya kijivu yaliyokwenda tupu kuwafuata abiria ambao programu ilitarajia watatokea. Kijana mmoja wa bajaji akaweka kidole kwenye kidoti cha kijivu kilichokuwa kikielekea Uyole.

"Huyu anafuata nini kule?"

Nikamwambia baada ya robo saa abiria watakuwa wengi Uyole, kwa hiyo programu imemtanguliza.

"Sawa dada. Na hesabu yake jioni anampa nani?"

Hapo mjadala ukawaka, na sitausahau. Kila bajaji pale kijiweni ilikuwa na bosi wake, na kila jioni dereva alimpelekea hesabu, yaani fedha ya siku waliyokubaliana, amepata abiria hajapata. Ndani ya kompyuta magari yote yalikula mfuko mmoja, kwa hiyo gari likitumwa tupu haliumii. Kijiweni, safari tupu ni njaa ya mtu mmoja. Mwenyekiti wa kijiwe akasema kungewezekana kuwa na mfuko: anayetumwa tupu afidiwe na waliopangiwa abiria. Mzee mmoja akakataa katakata, akasema kila mtu atadai alitumwa tupu. Mwingine akamjibu kwamba kompyuta inamwona alipo, atadanganyaje? Walibishana mpaka foleni ikasimama na abiria wakaanza kupiga kelele.

Nilipokuwa nafunga kompyuta, mjomba akanirudisha kwenye jambo lililokuwa likimkaa kichwani. Nilikuwa nimewaeleza kwamba gari la umeme likiteremka, mota yake inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Akauliza:

"Vituo vya kuchajia umeviweka wapi?"

"Huku juu, mjomba. Kabwe na stendi."

"Basi nikishajaza betri hapa, nikashuka Iwambi, umeme wa kushukia nitautia wapi?"

Nilikaa tena chini. Kutoka mjini hadi Mbalizi, kwa mteremko wa Iwambi, unashuka kama mita 300. Gari la tani 3 likiupanda mwinuko huo linahitaji karibu yuniti 2.5 za kuinua uzito tu, mbali na hasara za mota na msuguano wa barabara. Kwa bei ya wakati ule, shilingi 356 kwa yuniti, hazifiki shilingi 900. Likishuka, sehemu ya umeme huo hurudi, mradi betri ina nafasi. Betri iliyojaa haipokei. Mfumo unaacha kurudisha umeme, na mzigo wote unabaki kwenye breki za kawaida, katika mteremko ambao madereva wote wa njia ile wanauogopa na ambao umeshatuulia watu. Mjomba alijua hili kwa kuangalia mlima, bila karatasi.

Nilihamishia kituo kikubwa Mbalizi. Magari yakajazwa chini, yakapanda na betri kamili, yakafika mjini yakiwa na nafasi ya kupokea umeme wa kurudi. Kisha nikawaandikia madereva wa kubuni kanuni ya hesabu: asiyefidiwa hakubali kwenda tupu. Abiria wa pembezoni, Uyole na Iyunga, wakaanza kusubiri sana, na nikilazimika kupunguza kusubiri kwao, magari yaliyohitajika yaliongezeka. Nilipoweka ule mfuko wa mwenyekiti, yakapungua tena. Hiyo ndiyo sura ya mradi ninayoipenda kuliko zote, na ninaamini mji wowote wetu utakaoleta bajaji za umeme utaanza kukwama kwenye hesabu kabla ya kukwama kwenye betri.

Siku ya kutetea mradi, mjomba alinipigia simu mchana akitaka kujua kama walimu waliuliza habari ya kushuka Iwambi. Nikamwambia mmoja aliuliza, tena lilikuwa swali la kwanza.

"Ukamjibuje?"

Nikamsomea jibu lote, pamoja na zile yuniti.